Bibi Harusi wa Saa Tatu Asubuhi

“Ketaki, usilie. Pete nitaifuata kesho asubuhi, nakuja na mama.”

Sikuwa nikilia. Nilikuwa kazini hapa Pune, India, simu sikioni, na Ninad, mchumba wangu wa miaka miwili, alikuwa akiniacha kama mtu anayeagiza chai.

“Umempata nani?”

“Daktari Vaidehi. Yuko Kanada, mweupe, mpole. Tumekutana kwenye tovuti ya wachumba.”

Tovuti hiyo ni ya kampuni yetu, na Vaidehi nilimtunga mimi, hata sura yake imetengenezwa na kompyuta! Kazi yangu ni kuandika programu ambayo yenyewe hufungua tovuti, hubonyeza na kujibu kwa jina la Vaidehi kama mtu, ili tujue kama kuna kilichoharibika. Haraka nikaangalia anwani niliyoiwekea. Badala ya tovuti ya majaribio, nilikuwa nimeielekeza kwenye ile wanayotumia watu. Wiki tatu nzima.

“Anakujibu?”

“Kila siku, saa tatu kamili. Si wewe, mpaka ukumbushwe.”

“Anasemaje?”

“‘Nimefurahi kukufahamu.’”

“Kila siku hilohilo?”

“Ana haya. Hana mdomo kama wako. Mama ameshagawa vitamu vya peda, mtaa mzima umelamba vidole.”

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini nilimpenda, na iliniuma mno. “Njooni kabla ya saa tatu,” nikamwambia.

Kesho yake Ninad na mama yake wakaketi sebuleni kwetu. Mama yake hakugusa hata poha aliyopikiwa.

“Mwanangu, usituwekee kinyongo,” akaniambia. “Kila mtu na riziki yake.”

“Sina kinyongo, mama. Hebu tazameni kidogo kazi yangu.”

Nikawageuzia kompyuta. Ilipotimu saa tatu, ukurasa ukajifungua, jina la Vaidehi likajiandika, maneno yakafuata bila mkono wa mtu: Nimefurahi kukufahamu.

Simu ya Ninad ikalia mfukoni.

Hakuitoa. Mama yake ndiye aliyeichomoa, akasoma, akatazama kompyuta, akasoma tena.

“Ninad, mkwe wangu yuko wapi?”

Ninad akapiga magoti mbele yangu.

“Ketaki, nimekosea. Harusi yetu iko palepale, mpenzi. Niambie neno moja tu.”

Nikavua pete nikaiweka mezani. Nikaongeza mstari mmoja mwishoni mwa programu, nikaiendesha upya. Simu ikalia mkononi mwa mama yake, naye akasoma kwa sauti:

“‘Ombi lako limekataliwa.’”

Akamtazama mwanawe pale chini.

“Hata mashine imekukataa, Ninad! Inuka twende.”