Breki za Mteremko wa Riat

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Valarie alifungua boneti ya pikapu ya mama yake akajaza maji kwenye rejeta ya kupozea injini. Kazi hiyo ilikuwa yake, binti wa miaka kumi na miwili, na aliringa nayo mbele ya watoto wote wa ploti yao ya nyumba za kupanga, mtaani Migosi. Mama yake, Dorca, alinunua samaki ufuoni Dunga na kuwauza soko la Kiboswa, juu ya kilima cha Riat. Pikapu hiyo kuukuu ndiyo iliyowalisha.

Jumamosi moja walikwenda pamoja. Samaki waliisha mapema, wakaanza kuteremka Riat wakipiga soga. Katikati ya mteremko Mama alikanyaga breki, na pedali ikazama hadi chini kama mguu kwenye matope. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akaliingiza gari kwenye tuta la kando. Lilisimama hatua chache kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi, mtoto mgongoni.

"Mara ya pili hii!" Mama alisema. "Na fundi Kiragu ameweka pedi mpya za breki juzi tu!"

Fundi Kiragu alifika kwa bodaboda baada ya karibu saa nzima. Akakanyaga breki. Zikashika barabara. Akaliendesha gari mbele na nyuma, zikashika tena.

"Mama Valarie, hata sielewi," alisema akijikuna kichwa. "Labda ni masta silinda, ile inasukuma mafuta ya breki mpaka kwa magurudumu. Mpya ni elfu tisa."

"Elfu tisa! Juzi pedi, leo masta, kesho utaniuzia nini? Usukani?" Mama alifoka. "Ama unanila pesa tu, Kiragu?"

"Hiyo gari imerogwa," mchoma mahindi aliamua.

Wiki mbili kabla ya hapo Valarie alikuwa ameona kichupa kidogo karibu na injini kimepungua, naye akakijaza maji. Hakutumwa na mtu; alitaka kusifiwa. Breki zilipokosa kushika mara ya kwanza alikikumbuka kichupa kile, akanyamaza. Je, maji ndiyo yaliyoleta balaa? Basi mbona breki zinashika sasa? Mbona zinashika kila asubuhi? Mawazo yalimzonga. Akisema na awe amekosea, atachekwa. Akiwa sahihi, atachapwa. Akinyamaza, Mama atatoa mtaji wote wa samaki, na Jumatatu ateremke tena hapa. Alimtazama yule mtoto mgongoni.

"Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "mimi niliweka maji kwa kile kichupa kidogo cha karibu na injini."

Kiragu aliinama penye gurudumu, akalegeza nati ndogo ya kutolea mafuta ya breki. Majimaji ya rangi ya kutu yakadondoka kiganjani mwake.

"Kumbe!" alisema. "Mafuta ya breki hayachemki upesi, lakini maji huchemka. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinapata moto, maji yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Zikipoa zinashika tena. Ndiyo maana kila nikikuja napata gari nzima. Na mimi niliona kichupa cha mafuta kimejaa, nikaridhika."

"Na masta?" Mama aliuliza.

"Achana nayo. Tutamwaga haya tuweke mafuta mapya. Silinda moja ya gurudumu imeshika kutu. Yote ni elfu mbili na mia tano."

"Nisamehe, fundi. Nilikuita mwizi."

"Hukuniita," Kiragu alicheka. "Ulikaribia tu."

Pikapu ilivutwa hadi gereji, na jioni ilikuwa tayari. Mama alimkalisha Valarie kando yake.

"Nyathina, mwanangu, bidii unayo. Lakini bidii isiyouliza ni hasara. Na kosa ukilificha ni kama breki hizi: asubuhi utadhani limekwisha, kumbe linangoja mteremko."

Jumatatu asubuhi Valarie alifungua boneti kama kawaida. Akajaza rejeta, kisha akakiona kifuniko kingine, cha rangi ya samawati.

"Mama, hiki ni cha nini?"

Mama alisogea, akainama, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hata mimi sijui," alisema. "Lete simu, tumuulize Kiragu."