Kipande cha Turubai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda madrasa, Romida alimpelekea kuku wake makombo ya wali. Kuku huyo alikuwa ametotoa karibuni, na katika kambi yao ya wakimbizi Warohingya, kule Bangladeshi, mvua ilikuwa haikatiki. Asubuhi moja alikuta kifaranga mmoja amekufa maji.

“Wallahi, hafi mwingine!” alisema huku akilia.

Akachukua kisu, akazunguka nyuma ya bafu na choo cha wanawake, kwenye magugu, akakata kwenye ukuta wake kipande cha turubai kinachotosha kufunika banda. Nani angejua?

Wavulana walijua, wakachungulia tunduni. Kesho yake jirani yake Romida, Toyoba, alikuwa akitoka bombani na ndoo yake, mmoja wao, Anamul, akapaza sauti:

“Jamani, mmeuona mgongo wa huyu mama? Umebabuka kama chapati iliyosahaulika jikoni!”

Wenzake wakaangua kicheko.

Mgongo wa Toyoba uliungua siku kijiji chao kilipochomwa moto, alipomfunika mwanawe kwa mwili wake, na hakuwahi kumwonyesha mtu. Akaitua ndoo palepale, akavuta mtandio, akaingia ndani. Romida, aliyekuwa akisubiri maji bombani, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo Toyoba hakuonekana nje mchana. Akajinyima hata maji ya kunywa, ili asilazimike kwenda msalani. Haikupita wiki, akaanguka na kuzimia.

“Tumeliona tundu,” mama yake Romida alisema wakati wa kula, sauti ikimtetemeka kwa hasira. “Huyo Anamul nimemburuta kwa sikio hadi kwa mama yake. Lakini aliyekata ni nani? Mtu mzima anakufa kiu kwa kuona haya! Hivi kweli jamani?”

Nje mvua ilimwagika, na vifaranga wa Romida walikuwa wakavu, wamestarehe. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akainuka, akakibandua kile kipande, akaenda kwa Toyoba akiwa amelowa chapachapa.

“Mama mdogo, ni mimi niliyekata.”

Toyoba alikuwa amelala, midomo imempasuka. “Ulitaka wanione?”

“Hapana! Vifaranga walikuwa wanakufa maji. Sikufikiri. Nisamehe, mama mdogo.”

“Hukufikiri,” Toyoba alisema. “Basi kashone. Ukimaliza, nitakwenda kuoga, na wewe utasimama nje unilinde.”

Romida alishona kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikamtoka damu. Mama yake alikuja kuukagua mshono, naye Romida akamweleza yote bila kuficha. Mama hakumpiga. Laiti angempiga!

“Mwanangu,” alisema, “nyumba tuliiacha ng’ambo ya mto. Ng’ombe tuliwaacha. Makaburi ya wazee wetu tuliyaacha. Tuliyoondoka nayo ni stara yetu tu, na humu kambini turubai hili ndilo linaloilinda. Usiiguse stara ya mtu, hata kama unamwonea huruma kifaranga.”

Toyoba akaingia kuoga. Romida alisimama mlangoni, macho chini, akisikia maji yakimwagika.

“Romida,” Toyoba aliita kutoka ndani. “Kuku wako mlete kwangu. Kona ya jikoni haivuji.”

“Asante, mama mdogo.”

“Ungeniomba tu, mwanangu. Ningekupa.”

Romida akalia upya.