Jumatatu Anasaini

Foleni ya jezi mpya za Dhoruba ilianzia mlangoni mwa duka, ikazunguka banda la chipsi, ikaingia uchochoroni, na kila aliyesimama humo alijua kuendesha klabu kuliko wanaoiendesha. Ndivyo walivyo mashabiki wa Temeke. Mwulize mtu mwanawe yuko darasa la ngapi, atakuna kichwa. Mwulize beki wa kushoto aliondokaje, atakufanyia mkutano na waandishi wa habari.

Fransis alikuwa katikati ya foleni hiyo, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi, anahutubia. Alikuwa fundi seremala mwenye karakana yake Chang'ombe, nyuma ya viwanda, na milango yake ilisifiwa mpaka kwa watu wenye majumba. Lakini sifa aliyoipenda yeye ilikuwa nyingine. Kijiweni walimwita Wakili, kwa sababu hajawahi kutokea mtu wa kumshinda kwa maneno.

"Mkataba wa mtu unakaribia kuisha, nyie mmelala!" alisema huku akipiga kiganja kwa ngumi. "Mchezaji akibakiza miezi sita anaruhusiwa kuongea na timu yoyote. Ofisini kwetu wanalijua hilo? Wapi! Wanakunywa chai na maandazi. Beki kaondoka bure, mchana kweupe!"

"Alitaka kwenda," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Mtu akitaka kwenda utamfunga kamba?"

Fransis aligeuka. Aliyesema alikuwa dada mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sketi ya jinzi na raba nyeupe, nywele kazibana kwa kitambaa cha zambarau, rangi ya klabu. Alikuwa anakula karanga moja moja bila haraka.

"Sista, wewe umejuaje kama alitaka kwenda?"

"Na wewe braza umejuaje kama ni maandazi? Sie tunakunywaga na chapati."

Foleni ilichelewa kuelewa, kisha ikalipuka kwa kicheko. Dada yule alikuwa karani wa ofisi ya klabu. Wakili, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshindwa kesi, na akatembea hatua zote zilizobaki mpaka dukani akimwangalia yeye badala ya jezi.

Jina lake lilikuwa Kokushubila. Kwao ni Bukoba, lakini alikuwa akiishi Kinyerezi na mama yake mdogo, Mama Eufrazia, mwalimu mstaafu. Fransis kwao ni Masasi. Watu wa kaskazini kabisa na kusini kabisa, wamekutanishwa na beki wa kushoto! Mapenzi hayaombi ramani. Ndani ya miezi michache simu zao zilikuwa hazikauki.

"Wakili wangu, umekula?"

"Nimekula mihogo, mama."

"Mihogo na nini?"

"Na mawazo yako."

"Basi umeshinda njaa, baba. Nenda kale."

Sharti lake Koku lilikuwa moja tu, na alilitoa mapema, siku walipokaa kula ndizi nyama kwa mama ntilie wa Chang'ombe. "Ya ofisini yanabaki ofisini," alisema. "Mie nakaa na mikataba ya watu. Usiniulize kabisa, Fransis. Tukipendana, tupendane bila Dhoruba."

Fransis aliapa, na haki ya Mungu alishika kiapo. Kijiweni aliendelea kubishana kwa kubahatisha kama wenzake. Jamaa walimtania kwamba analala na faili zote za klabu na hajui hata moja. Yeye alicheka tu. Mshenga akaenda Kinyerezi. Mama Eufrazia akampokea vizuri, akatoa jibu la heri, na kilichobaki ni wazee kutoka Bukoba kufika ili mahari izungumzwe. Mama yake Fransis, Bi Adelina, alishaanza kumwita Koku mwanangu.

Halafu likaja dirisha la usajili.

Koku alianza kupotea. Anaahidi kuja Jumapili, haji. Simu inaita, haipokewi. Ikipokewa, majibu mafupi. Siku moja Fransis alimwona kwa macho yake akishuka kwenye gari jeusi la mwanaume asiyemfahamu. Wivu ukampanda. Akapiga simu palepale, randa bado mkononi.

"Koku, kama kuna mtu niambie. Mie sio mtoto."

"Mtu gani tena, Fransis?"

"Mwenye gari. Nimekuona."

Koku alikuwa amechoka, na aliisikia sauti ya mchumba wake inatetemeka. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu aajiriwe, na alilifanya kwa mapenzi tu.

"Yule ni msimamizi wa Brightson," alisema kwa sauti ya chini. "Mkataba wa Brightson unaisha. Tumemficha Kibaha kwa shangazi yake, tunakamilisha. Jumatatu anasaini. Tunaojua ni mie, katibu na mwenyekiti basi. Wapinzani wetu Mizinga wakijua alipo, wanambeba. Haya, umeridhika? Ndio huyo mwanaume wangu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Ila usimwambie hata randa yako."

Brightson alikuwa nahodha wa Dhoruba, kiungo, roho ya timu. Fransis alikata simu akiwa na furaha mbili kwa mpigo: mchumba wake ni mwaminifu, na nahodha habanduki. Furaha moja ingemtosha.

Kesho yake jioni kijiwe kilijaa. Kijiwe chenyewe ni benchi refu, Fransis mwenyewe ndiye aliyelichonga, mbele ya karakana ya Bakari, mchomeleaji wa mageti na shabiki wa kufa wa Mizinga. Bakari alikuwa amevua miwani yake ya kuchomelea ili aseme vizuri.

"Nahodha wenu anakuja kwetu," alisema. "Kwani nyie mnajuaga kumtunza mtu? Beki kaenda bure, kipa kaenda bure, sasa nahodha."

"Subiri uone," alisema Fransis.

"Nisubiri nini? Katoweka mjini! Simu kazima! Tayari yuko kwetu huyo."

"Bakari, subiri uone, nakwambia."

"Jamani, Wakili leo hana kesi!" Watu wakacheka. Ansbert, mwenyekiti wa tawi la Dhoruba, mtu mzima mwenye heshima zake, akainamisha kichwa kama aliyefiwa. Bakari akaona ameshinda, akaongeza. "Na wewe eti una mchumba ofisini. Kumbe hata yeye hajui kitu. Labda wamemuajiri apike hizo chapati."

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, wala hawakumsingizia mtu. Fransis angeweza kunyanyuka akaenda zake. Angeweza kutukana. Lakini alikuwa na jibu, jibu zuri, jibu la kufunga mjadala, na mbishi mwenye jibu mdomoni hana tofauti na mwenye pilipili.

"Sikiliza wewe!" alifoka. "Brightson yuko Kibaha kwa shangazi yake, na Jumatatu anasaini! Mchumba wangu ndiye anayekamilisha mkataba, kaniambia kwa mdomo wake. Sasa sema tena!"

Kijiwe kililipuka. Ansbert alimkumbatia. Wakambeba juu juu, na Bakari akabaki amekodoa macho. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote alizowahi kuzipata kwenye benchi lile. Hakuona ni simu ya nani iliyokuwa inarekodi.

Sauti ile ikaingia kwenye kundi la tawi, ikatoka, ikaingia kwenye makundi mengine. Jumamosi watu wa Mizinga wakafika Kibaha na ahadi nono. Jumapili mchana picha ikasambaa mji mzima: Brightson amevaa jezi ya chungwa ya Mizinga, anatabasamu, kalamu mkononi.

Jumatatu asubuhi Koku alipiga simu.

"Fransis, kuna mtu ulimwambia?"

Aliiogopa sauti hiyo. Na mtu akiogopa, kosa la pili humjia rahisi kuliko la kwanza.

"Mie? Hapana. Sijamwambia mtu yeyote, Koku."

"Fikiri vizuri. Nipo nje ya mlango wa mwenyekiti. Wananiuliza."

"Nakuapia, mpenzi. Labda huyo msimamizi wake."

Koku alibonyeza simu yake nyingine, na Fransis akajisikia mwenyewe, sauti nzito yenye kiburi, inasema: mchumba wangu ndiye anayekamilisha mkataba, kaniambia kwa mdomo wake.

"Wamenipigia hii mbele ya watu," alisema Koku. "Nilijua ni wewe. Nilitaka tu uniambie mwenyewe." Akakata.

Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mama Eufrazia akamwita mshenga na kumwambia kwa adabu zote kwamba safari ya wazee wa Bukoba imeahirishwa, na asijisumbue kuuliza mpaka lini.

Kijiweni mjadala haukufa; ulinoga. Wengine walimlaumu mwenyekiti wa klabu, wengine msimamizi, wengine shangazi wa Kibaha. Sauti ya Fransis wote waliifahamu, lakini hakuna aliyetaka kumlaumu jamaa yao. Jioni moja Ansbert akatoa hukumu.

"Ni yule karani," alisema. "Siri ya klabu unampaje mwanaume? Huyo kanunuliwa na Mizinga, msinidanganye. Katuuza."

Watu wakaitikia. Fransis alikuwa amekaa palepale, kwenye benchi lake. Mtu aliyejua kutetea mabeki, makipa na makocha wa kigeni ambao hawajui hata jina lake, hakupata neno moja la kumtetea mwanamke aliyempenda. Alitazama viatu vyake. Baadaye alijiambia alikuwa anatafuta maneno mazuri. Si kweli. Aliona aibu kushindwa mbele za watu.

Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alikwenda ofisi ya klabu, akamwambia katibu kila kitu: wivu wake, gari jeusi, jinsi alivyombana Koku mpaka akasema. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho. "Ungekuja Jumatatu ile ingesaidia," alisema. "Nafasi tumeshaijaza." Kutoka hapo Fransis alikwenda kijiweni na kusema yaleyale kwa sauti, Bakari akisikia, Ansbert akisikia. Kisha mtu akauliza kama ni kweli Dhoruba wanaleta kiungo kutoka Zambia.

Alimtafuta Koku muda mrefu. Simu zake hazikupokewa. Mama Eufrazia kila mara alimpa maji ya kunywa na hakumpa habari. Mvua zilikuwa zimekatika aliposikia kwamba ameajiriwa kwenye ofisi ya shule moja Kibamba. Akavaa shati lake jeupe, akaenda.

Alimkuta getini saa ya kutoka, watoto wamejaa barabarani. Alikuwa amevaa gauni la kitenge, amepunguza mwili kidogo, mzuri vilevile. Hakukimbia wala hakununa. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta, na Fransis akasema yote aliyokuja nayo bila kujitetea hata kwa neno moja. Kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa kazi ndogo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nimekusamehe," alisema Koku. "Nilisikia ulivyokwenda ofisini, na kijiweni pia. Nilikusamehe siku hiyo."

"Basi turudi, mama. Nimtume tena mshenga?"

Koku alitikisa kichwa taratibu. "Nilikupenda kwa sababu nikitoka kazini nilikuwa na mtu wa kumwambia nimechoka. Sasa nitakuwa nakupikia, nakufulia, na kila neno nalipima kwanza kabla sijakupa. Siwezi kuishi hivyo nyumbani kwangu, Fransis. Nitakuchukia, na sitaki nikuchukie."

"Nitabadilika. Nimeshabadilika."

"Najua."

Hakuwa amewahi kupewa jibu gumu kama hilo, kwa kuwa halikuwa na pa kulibishia. Akabaki kuulizauliza ili tu asiondoke.

"Mama Eufrazia hajambo?"

"Hajambo."

"Kazi hapa inaendaje?"

"Nzuri."

"Umehamia huku huku?"

"Karibu na hapa."

"Na wewe mwenyewe, Koku? Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri," alisema kwa upole, kama anavyojibiwa mtu yeyote apitaye njia. Akamuaga, akamtakia safari njema.