Jiwe la Nyuma ya Chumba

Chumba kilinuka samaki, na Modesta hakuwa amepika samaki. Alideki kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikababuka, lakini kila mchana harufu ilirudi, ikitokea upande wa nyuma, kwenye jiwe kubwa lililogusana na ukuta. Nyumba za mlimani Mwanza huegemea mawe, hilo si ajabu. Ajabu ilikuwa Precious, binti yake wa miaka minne, anayekonda huku ameliwekea jiwe sikio, akicheka.

Modesta alimkimbilia jirani yake, bibi Paskazia.

"Shikamoo bibi. Mwanangu anaongea na nani?"

"Marahaba." Bibi alishusha sauti. "Hama, mwanangu. Waliokutangulia hapo walimzika mtoto wao, naye alianza hivihivi, kucheka na hilo jiwe."

"Nihamie wapi? Buswelu wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na Luhende ni kibarua!"

Luhende, mumewe, ndiye aliyepata wazo, na usimcheke, maana hata wewe ungefanya hivyohivyo. Mlimani jiwe ni pesa. Mwenye nyumba aliruhusu, tena alifurahi kupata uwanja. Luhende akachoma matairi makuukuu juu ya jiwe ili lipasuke, wapate kokoto za kuuza.

Jiwe lilipopasuka halikulia kama mawe mengine. Lilishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeamshwa vibaya. Bibi Paskazia aliingia ndani akafunga mlango.

Waliponda, wakauza, wakahamia Buswelu. Precious akaanza kula, akaomba hata kuongezewa ugali, na Modesta alilia kwa furaha mbele ya sufuria.

Jumapili moja, baada ya misa, alimlaza mtoto. Jua lilikuwa kali, majirani wanafua nje, redio inaimba, na katikati ya kelele hizo za amani alisikia kicheko kilekile, akaenda polepole, akasukuma pazia, akamwona Precious amejibana ukingoni mwa kitanda karibu kuanguka, na godoro limedidimia katikati kwa uzito wa mtu mzima asiyeonekana, na shuka linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na chumba chote kinanuka samaki.

"Precious," alinong'ona, "njoo kwa mama."

"Shii. Kalala."

Modesta alimnyakua, akatoka mbio peku mpaka barabarani. Luhende akamfuata, shati mkononi.

"Kuna nini? Unakwenda wapi?"

 Modesta alitazama barabara upande huu na upande ule.

Precious alikuwa anapungia mkono dirisha la chumbani.

"Tumrudie, mama," alisema. "Anasema mlimvunjia kwake. Hana pa kuhamia."