Alisimama Kabla ya Utepe

Treni alisimama. Utepe ulikuwa palee, hatua chache mbele, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mbio. Alisimama wima kando ya kamba ya watazamaji, akamkazia macho mpenzi wake, fundi cherehani, aliyejibanza nyuma ya mwavuli wa mtu.

— Nimefika, alisema.

Fundi alikuwa amekuja kumwona mara ya mwisho tu, maana shangazi yake alikwishapokea posa ya mwanaume mwingine. Shangazi hakumchukia Treni. Alisema tu kila siku, wakila, wakifua, kwamba mume asiyetaka kushikwa mkono, anayeziba masikio watu wakicheka, atamzeesha mapema. Bandu bandu huisha gogo, fundi akakubali.

Treni alikuwa na usonji. Mtaani walimpa jina la Treni kwa kuwa hakuwahi kuacha njia yake ya mazoezi, hata ikinyesha. Kelele za mashindano zilimvuruga, mpaka kocha alipopata dawa: fundi asimame nyuma ya utepe, Treni amkimbilie yeye. Miaka yote hiyo hakujua mstari, alijua mtu. Na kuhusu posa, kocha na fundi walikubaliana asiambiwe kwanza, asije akavurugika. Walidhani wanamhurumia.

— Kimbia, wenzako wanakuja, fundi alimsihi.

— Si uko hapa?

Kocha alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa inampita mtu wake hivihivi. Fundi akavua viatu, akapenya nyuma ya watu mbio, akaenda kusimama ng'ambo ya utepe, mahali pake pa siku zote. Treni akachomoka. Alimpita mwenzake kwa kifua tu.

Watu walishangilia. Kocha alilia, akamwombea fundi kila baraka anayoijua. Treni alimsogelea fundi taratibu, akamnyooshea mkono. Hakuwahi kufanya hivyo tangu wajuane.

— Shika. Nimejizoeza na kocha. Sasa naweza.

Fundi aliutazama mkono ule, moyo ukampasuka. Angeweza kumdanganya yeyote duniani, huyu hapana.

— Nimeposwa, mpenzi wangu. Harusi ni wiki ijayo.

Treni aliyumba mbele na nyuma juu ya visigino.

— Mbona umesimama huku?

— Nilitaka ushinde.

— Mimi nilikuwa nakuja kwako.

Fundi akalia mbele za watu, hakuona haya. Alimwomba radhi, akamwambia bado anampenda, na ilikuwa kweli, ila kweli hiyo ilikuwa imechelewa. Treni aliushusha mkono. Akamgeukia kocha.

— Siku nyingine mtu asisimame. Nionyeshe mstari.

Kocha akamwonyesha.