Msafara wa Bi Mwaisha

Jambo la kwanza lilikuwa dogo tu: Bi Mwaisha alijua kisa ambacho hajasomewa.

Tangu mumewe, Mzee Abdulswamad, azikwe, binti yao Shadya alikuwa amerudi Bigwa kutoka Gairo kumtunza mama. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga bibi huyo macho yote mawili, hivyo kila baada ya sala ya alasiri Shadya alimsomea riwaya za marehemu. Mzee aliandika visa vya kale, vya misafara ya wapagazi waliopita chini ya Uluguru wakielekea pwani, pembe za ndovu mabegani, njaa nyuma na vita mbele. Enzi za uhai wake alimsomea mkewe kila sura kabla mtu mwingine hajaiona.

Siku hiyo walikuwa wameishia pale wapagazi wanapoukuta Mto Ruvu umefurika. Shadya akatoka kwenda sokoni. Aliporudi, mama alikuwa anajifuta machozi.

"Maskini yule kijana. Maji yamemchukua na mzigo wake."

"Nani kakusomea, mama?"

"Baba yako."

Shadya akafungua kitabu. Kijana alizama kweli, kurasa mbili mbele ya pale walipoachia. Akajipa moyo: mama anakumbuka ya zamani, majonzi yamemchanganya.

Lakini chumba kikaanza kunuka. Harufu ya jasho, ya moshi wa kuni mbichi, ya ngozi iliyolowa mvua. Bi Mwaisha akaacha kula. Siku Shadya alipomwogesha, aliona begani kwa mama alama nyeusi, pana, ngozi imechubuka kama ya mtu aliyebeba gogo mwendo mrefu, na nyayo zake, za mtu asiyevuka kizingiti, zilikuwa zimepasuka na kujaa vumbi jekundu.

Alasiri moja alirudi mapema kutoka dukani, mvua ikinyesha mlimani, na alipofika barazani akasikia sauti ya baba yake, ile ile nzito yenye kikohozi kidogo mwishoni mwa sentensi, ikisoma taratibu nyuma ya pazia, ikisema kwamba msafara umekwisha kuvuka mto, kwamba mwanamke mmoja kipofu amejiunga nao na kujitwika mzigo wa aliyezama, kwamba jina lake ni Mwaisha, na kwamba bado kilima kimoja tu kabla hawajafika mahali ambapo wapagazi hawarudi.

Akavuta pazia. Mama alikuwa peke yake, anatabasamu. Kitabu kilikuwa kimefungwa.

Shadya hakusubiri. Kesho yake asubuhi alimleta Mwinjuma, mganga wa Kinole, mtu mpole aliyesomea Kurani na dawa za milimani. Mwinjuma alifukiza ubani, akasoma aya kwa sauti ya chini, kisha akachuchumaa mbele ya bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Anayekusomea si mumeo. Ni jini wa njia za misafara, amevaa sauti ya marehemu. Anatafuta wa kumbebea mzigo."

"Najua," akasema Bi Mwaisha.

Shadya akamgeukia. "Unajua, mama?"

"Tangu siku ya kwanza. Baba yako hakuwahi kuniita Mwaisha. Kwake mimi nilikuwa Mama Shadya. Lakini sauti ni yake, mwanangu. Ningefanyaje?"

"Mimi siwezi kukutua," Mwinjuma akanong'ona. "Utue mwenyewe."

Harufu ya ngozi mbichi ikawafunika. Kutoka kona isiyo na mtu, sauti ya Mzee Abdulswamad ikalia kama mtoto: "Mwaisha, usiniache njiani. Mwaisha, giza linaingia."

Bi Mwaisha alinyoosha mkono kuelekea kona ile. Shadya akaanguka magotini pake. "Mama, nimemzika baba juzi tu. Nitabaki na nani?"

Bibi akaurudisha mkono. Kisha akainamisha bega, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. "Natua," akasema. "Nisamehe."

Kishindo kikatikisa sakafu. Hakuna aliyeona kilichoanguka. Sauti ikakatika katikati ya jina lake.

Jini hakurudi tena. Bi Mwaisha akaanza kula uji, kisha ndizi, bega likapona. Hakuomba tena kusomewa. Siku nyingi zilipita kabla hajauliza, wakiwa wanachambua mchicha:

"Hata wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama."

"Ilikuwa sauti yake kabisa?"

Shadya alitaka kudanganya, akashindwa. "Ilikuwa yake kabisa."

Ndipo Bi Mwaisha, ambaye siku ya mazishi watu walimsifu kwa subira, akaweka ungo chini, akalia kilio cha mjane.