Alama za Yoramu Chilewa

Mpira ulitoka kwenye mdomo wa mtambo kwa kasi ya kilomita mia na hamsini kwa saa. Haujafika hata nusu ya njia, Kibashiri, mashine ya kupima wapigaji, kilikuwa kimeshajua kama Yoramu Chilewa ataupiga. Kamera zake mia mbili zilisoma mboni ya jicho, mishipa ya shingo, na uzito wa mwili ulivyohama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Gongo likazunguka. Paa! Mpira ukagonga wavu wa mwisho wa ukumbi.

Kibashiri ndicho kilichoamua ni wanafunzi gani wa vyuo vikuu wangeteuliwa na timu za kulipwa za besiboli. Zamani wasaka vipaji walizunguka viwanjani na madaftari yao, wakibishana hadi koo zikauke. Sasa, mwaka 2094, ubishi ulikwisha. Mchezaji alipiga mipira hamsini katika maabara ya Dodoma, alama zikatoka, na mwisho wa kila zamu, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, timu zote kumi na mbili zilizipokea. Aliyepata chini ya themanini hakuitwa na yeyote.

Enginia Sekela Mwakalinga, aliyekiunda, alitazama kioo cha alama. Tisini na nne!

"Yoramu! Mwaka jana ulipata sabini na moja. Umefanya nini?"

"Mazoezi tu, mama."

Sekela akashuka kutoka chumba cha vipimo, akasimama ubavuni mwake na kumnyooshea mkono kumpongeza. Kijana alikuwa akitazama mbele, akihema. Mkono ukabaki hewani. Sekela akadhani labda kachoka, akaupunga karibu kabisa na shavu lake. Yoramu hakupepesa.

"Huuoni mkono wangu?"

Yoramu aligeuka upesi, uso mzima, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. "Naona, mama. Naona sana."

"Umetia nini machoni?"

Yoramu aliinamisha kichwa.

"Matone. Yanauzwa kwa siri. Yanaamsha neva ya katikati ya jicho, mpira unakuwa mkubwa kama chungwa, mpaka mshono wake unauona. Ila pembeni..." Akapitisha kiganja kando ya sikio lake. "Pembeni pamezimika. Nimeyaacha mwezi wa tatu sasa, na hapajarudi."

Sekela aligeuka kukitazama Kibashiri. Ni yeye aliyeamua, miaka tisa nyuma, kwamba Kibashiri kipime katikati ya jicho tu, maana huko ndiko mpira unakotokea. Na mwaka jana ni yeye aliyempigia simu kijana huyu kumwambia: mikono unayo, jicho ndilo linalokuangusha.

"Siwezi kutuma alama hizi. Siku mpira utakapokujia kutoka pembeni utakupasua kichwa. Twende hospitali."

Yoramu akapiga magoti, akaikumbatia miguu ya Sekela.

"Tuma, mama, nakusihi. Zimebaki dakika kumi na moja. Mwakani umri wangu umepita, hawanipimi tena. Macho yameshakwenda! Usininyang'anye na kile nilichoyatolea."

"Mwanangu..."

"Kama ni mwanao, tuma!"

Sekela alirudi kwenye kioo. Akazifuta alama. Yoramu aliposikia mlio wa mashine alitoa ukelele, akaligonga gongo sakafuni, akaligonga tena na tena, hadi likavunjika. Ndipo akakubali kushikwa mkono.

Nje, kwenye korido pana iliyojaa mwanga wa mchana, wapigaji thelathini wa zamu ya jioni walikuwa wakisubiri. Mmoja akatoka kwenye mstari kwenda kunywa maji. Yeye na Yoramu wakagongana bega kwa bega, kwa kishindo.

"Samahani, kaka," kijana yule alisema. "Sikukuona."

"Hata mimi," Yoramu akajibu.

Sekela akauachia mkono wa Yoramu, akauendea mstari, akaanza kuwatazama macho, mmoja baada ya mwingine.